Vitamini E: Ulipie Kidonge au Chupa ya Alizeti?

Kwenye maduka ya dawa ya Kariakoo, kama ilivyo Nairobi au Muscat, vidonge laini vya vitamini E huuzwa kwenye chupa iliyoandikwa 400 IU, yaani vipimo vya kimataifa 400. Mteja huulizwa jambo moja tu: anataka ya bei kubwa au ya bei ndogo? Haambiwi kwamba ile ya bei kubwa, ikiwa kweli ni ya asili, imetolewa kwenye mabaki ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, mara nyingi ya soya, wakati mwingine ya alizeti. Wala haambiwi kwamba vitamini hiyohiyo imo kwenye dumu la alizeti lililoko jikoni kwake. Ni haki ya mnunuzi kulijua hilo kabla hajafungua pochi, maana hesabu yote ya nini kinunuliwe na nini kiachwe inaanzia hapo.

Alizeti ya Singida, Dodoma au Manyara ikishavunwa ina njia mbili. Kwenye mashine ndogo ya kukamua, mbegu hubanwa mpaka mafuta yakatiririka upande mmoja na mashudu yakatoka upande mwingine. Mafuta huchujwa, huachwa yatulie, kisha huuzwa. Kiwanda kikubwa hakiishii hapo. Huchanganya mafuta na maji kidogo ya moto ili vitu vinavyonata vivimbe na kushuka. Utomvu huo ukikaushwa huitwa lesithini, nayo huenda kwa watengeneza chokoleti, biskuti na maziwa ya unga. Kisha kostiki, yaani soda kali, huondoa asidi za mafuta zilizo huru na kuzigeuza sabuni ghafi, ambayo hununuliwa na wenye viwanda vya sabuni. Udongo maalumu hufyonza rangi. Mafuta ya alizeti hupozwa pia ili nta yake igande na kuchujwa. Ni nta hiyohiyo inayofanya mafuta ya kukamuliwa yawe na ukungu asubuhi ya baridi, na mtu asiyejua akadhani yamechakachuliwa.

Hatua ya mwisho ndiyo inayozaa kidonge. Mafuta hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 200 ndani ya mtungi ulioondolewa hewa, na mvuke hupitishwa katikati yake. Mvuke huo huondoka na harufu, lakini hauchagui: hubeba pia sehemu ya tokoferoli, ambazo ndizo vitamini E, pamoja na steroli za mimea. Ukipozwa, huacha rojo zito la kahawia lenye harufu kali. Tani nzima ya mafuta hutoa kilo chache tu za rojo hilo.

Kuitoa vitamini humo ni kazi ngumu. Kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, tokoferoli ingeungua kabla ya kuchemka, kwa hiyo lazima itenganishwe kwenye ombwe kali sana, ambamo kila tone hupata joto kwa muda mfupi mno. Ufundi huo ulikuzwa miaka ya 1930 na Kenneth Hickman, mtafiti wa Kodak mjini Rochester, Marekani. Ndiyo, Kodak ileile ya filamu za kamera. Katika soya kuna hatua nyingine tena, kwa sababu tokoferoli yake nyingi ni ya aina ya gama, wakati mwili wa binadamu huhifadhi zaidi aina ya alfa, hivyo kiwanda hulazimika kuibadilisha. Alizeti haina shida hiyo, maana vitamini E yake karibu yote ni alfa tangu ikiwa kwenye mbegu.

Mashine ndogo ya Singida haina mtambo wa kuondoa harufu. Kwa hiyo haipati rojo lile la thamani, lakini pia haiipotezi vitamini. Inabaki kwenye mafuta.

Sasa tuingie kwenye bei. Bei ninazotumia hapa ni za kufanyia hesabu tu. Weka za duka lako mahali pake, njia ni ileile.

Majedwali ya lishe ya Marekani yanaonyesha gramu 100 za mafuta ya alizeti zina takriban miligramu 41 za vitamini E. Lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo ina karibu miligramu 375. Tuseme lita ni shilingi 6,000 za Tanzania: kila miligramu inakugharimu shilingi 16. Kidonge cha asili cha 400 IU kina miligramu 268. Tuseme chupa ya vidonge 100 ni shilingi 60,000. Kila kidonge ni shilingi 600, na kila miligramu ni shilingi 2 na senti kidogo. Kwa hesabu hiyo kidonge ni rahisi mara saba, na muuzaji akikuambia hivyo hajakudanganya.

Tatizo ni kwamba mwili hauhitaji miligramu 268. Mapendekezo ya Marekani, ambayo ni ya juu kuliko ya nchi nyingi, ni miligramu 15 kwa siku kwa mtu mzima. Kidonge kimoja kinakupa dozi ya siku karibu 18 kwa mkupuo mmoja, na huwezi kukikata vipande 18. Kwa hiyo usigawanye bei kwa miligramu zilizomo; igawanye kwa miligramu unazohitaji. Hapo kidonge ni shilingi 600 kwa siku, ilhali miligramu 15 za kwenye mafuta ya alizeti ni shilingi 240, na mafuta hayo ungeyanunua vyovyote vile, maana mboga haiungwi kwa maji.

Chukua nyumba ya watu wanne inayomaliza lita tatu kwa mwezi. Ikiwa ni alizeti, na mafuta yote yanaliwa, kila mtu hupata zaidi ya miligramu 9 kwa siku. Konzi ya karanga za kukaanga, gramu 28 hivi, inaongeza miligramu 2. Parachichi na mboga za majani huongeza kidogo kidogo. Nyumba hiyo haiko mbali na lengo bila kukanyaga duka la dawa. Nyumba hiyohiyo ikitumia mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yenye miligramu 16 hivi kwa gramu 100, kila mtu hubaki na chini ya miligramu 4. Ikitumia mafuta ya nazi peke yake haipati kitu cha maana, kwa sababu nazi, pamoja na utamu wake wote kwenye samaki wa kupaka, karibu haina vitamini E kabisa.

Weka tofauti hiyo kwenye shilingi. Tuseme alizeti imezidi mawese kwa shilingi 1,000 kwa lita. Nyumba ya watu wanne itaongeza shilingi 3,000 kwa mwezi. Kidonge kimoja kwa siku, cha mtu mmoja, ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Juu ya hayo, karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, wakati katika alizeti ni sehemu moja tu kati ya tisa, na hilo lina uzito kwa moyo kuliko kidonge chochote cha vitamini.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu mawese. Ninayosema hapo juu ni ya yale yaliyosafishwa, meupe-manjano, yanayotoka ng'ambo. Mawese mekundu ya Kigoma, ambayo ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawapiki bila hayo, ni habari nyingine. Kilo moja ina miligramu 500 hadi 700 za karotini, chanzo cha vitamini A. Usafishaji wa kiwandani huiondoa karotini yote ili mafuta yawe meupe, kisha sheria za kurutubisha vyakula, Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012, humtaka mwenye kiwanda aongeze vitamini A kwenye mafuta hayo. Kwa mama anayenyonyesha aliyeko Kigoma au Uvira, mawese mekundu yasiyochomwa mpaka yakapauka ni ununuzi wa busara sana, na hayahitaji kiwanda cha kurudisha kilichotolewa.

Kuna wanaosema: mimi nimeshaamua kununua kidonge, niambie kipi. Geuza chupa usome nyuma. Ikiandikwa “d-alpha”, ni ya asili, yaani imetoka kwenye mafuta ya mimea. Ikiandikwa “dl-alpha”, imeunganishwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Herufi hiyo moja ina maana, kwa sababu mwili hutumia nusu tu ya ile ya kuunganishwa. Kidonge cha 400 IU cha asili kina miligramu 268 zinazofanya kazi. Cha kuunganishwa kina 180. Kwa hiyo ukiona cha asili ni shilingi 600 na kile kingine ni 300, usiseme kimezidi mara mbili. Kwa miligramu zinazofanya kazi, kimezidi kwa theluthi hivi tu. Maneno makubwa ya mbele ya chupa, “asili” na “natural”, hayatoshi. Herufi za nyuma ndizo ushahidi.

Bei ya ile ya kuunganishwa nayo si tulivu. Julai 29, 2024 moto ulizuka kwenye kiwanda cha BASF cha Ludwigshafen, Ujerumani, na kampuni ikatangaza kwamba haitaweza kutimiza mikataba yake ya vitamini A na E kwa muda. Wafugaji ndio walioguswa kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitamini E ya kiwandani duniani huishia kwenye chakula cha mifugo.

Lakini swali kubwa zaidi ni kama kidonge kinahitajika kabisa. Utafiti mkubwa uliopewa jina la SELECT uliwafuatilia wanaume zaidi ya 35,000, wengi wao Marekani na Kanada, waliopewa 400 IU ya vitamini E ya kuunganishwa, madini ya seleniamu, vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa. Ilitarajiwa kwamba vitamini ingewakinga na saratani ya tezi dume. Matokeo ya 2011 yalikuwa kinyume: waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilipendekeza watu wasitumie vidonge vya vitamini E kujikinga na saratani wala magonjwa ya moyo. Nayasema haya kwa sababu nawaona wazee wetu wakiletewa chupa hizi na watoto wao walioko Ulaya na Marekani kama zawadi ya upendo. Upendo ni wa kweli. Kidonge hakina faida iliyothibitishwa kwa mzee mwenye afya. Na mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiongeza dozi kubwa za vitamini E anajiongezea hatari ya kuvuja damu.

Wapo ambao kidonge ni chao kwa haki. Mtu ambaye utumbo wake haufyonzi mafuta, mtoto njiti, au mwenye ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuitunza vitamini hii, hao hupewa na daktari na pesa yao haipotei. Utafiti wa 2010 ulionyesha pia kwamba 800 IU kwa siku za vitamini E ya asili ziliboresha hali ya ini kwa baadhi ya watu wenye ini lenye mafuta na uvimbe wasio na kisukari. Huo ni uamuzi wa kliniki, baada ya vipimo.

Wengi wa wanunuzi, hata hivyo, hawamezi. Wanatoboa kidonge kwa pini na kupaka usoni, kwenye michirizi ya uzazi au juu ya kovu. Utafiti mdogo wa Miami uliochapishwa 1999 uliwajaribu watu 15 wenye makovu ya upasuaji: karibu wote hawakuona nafuu kuliko kwa krimu ya kawaida, wengine kovu lilizidi kuwa baya, na theluthi yao walipata upele wa ngozi. Shilingi 600 kwa kila mpako, kwa faida isiyoonekana na hatari ya kuwashwa, mimi nasema hapana. Ngozi kavu itashukuru zaidi kwa mafuta mepesi ya alizeti kutoka jikoni, baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu.

Steroli zinahitaji maneno machache zaidi. Hizi nazo hutolewa kwenye lile rojo la kahawia, au kwenye mabaki ya mbao za misonobari. Finland ndiyo iliyoanza kuziuza kwenye siagi ya mimea mwaka 1995, zikiwa zimegeuzwa kuwa stanoli, kwa jina la Benecol. Dai lake lina msingi: gramu 1.5 hadi 2.4 kwa siku hushusha lehemu (kolesteroli) mbaya kwa asilimia 7 hadi 10. Huwezi kufikisha kiasi hicho kwa chakula cha kawaida, hata ukila ufuta na karanga kila siku, kwa hiyo hapa kiwanda kinauza kitu ambacho jiko halina. Lakini linganisha na dawa za kundi la statini zisizo za jina la kampuni, ambazo hushusha lehemu hiyo kwa theluthi au zaidi na zimethibitishwa kuzuia mshtuko wa moyo. Steroli hazina uthibitisho huo wa mwisho. Kwa ndugu aliyeko London mwenye lehemu iliyopanda kidogo, anayeweza kulipia mkebe wa bei mara kadhaa ya siagi ya kawaida, si chaguo baya. Kwa mtu wa Mombasa anayeukuta umeagizwa kutoka nje kwenye duka kubwa, pesa hiyo ifanye kipimo cha damu kwanza. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasitumie.

Lesithini ya unga, inayouzwa kwa ahadi ya kunoa kumbukumbu, naiweka chini kabisa ya orodha yangu. Kinachotafutwa ndani yake ni kirutubishi kiitwacho kolini, na yai moja kubwa lina miligramu 147 za kolini, wakati mwanamke mzima huhitaji 425 na mwanaume 550 kwa siku. Mayai mawili na sahani ya maharage vinakupeleka mbali kwa bei ya gengeni. Mwoka mikate anayehitaji lesithini kwa kazi ni suala tofauti, na kwake ya alizeti ina sifa ya kutowadhuru wenye mzio wa soya.

Limebaki zao ambalo huku kwetu ndilo lenye soko la kweli: mashudu. Mfugaji wa kuku hulinganisha bei ya gunia, na hapo hupunjika. Alinganishe bei ya protini. Tuseme mashudu ya alizeti yenye maganda yana asilimia 25 za protini na kilo ni shilingi 700. Kilo ya protini imemgharimu 2,800. Mashudu ya soya yenye asilimia 44 kwa shilingi 1,800 yanafanya kilo ya protini iwe zaidi ya 4,000. Alizeti inashinda, ila ina upungufu wa lisini, kijenzi kimojawapo cha protini, kwa hiyo bila dagaa au soya kidogo kuku hawatakua sawasawa. Mashudu ya mashine ndogo yana mafuta yaliyobaki mengi kuliko ya kiwanda kinachotumia kemikali kuyavuta, na mafuta hayo ni nguvu kwa mnyama, lakini pia huchacha haraka ghalani.

Wataalamu wa chakula wanayatamani mashudu hayo kwa ajili ya binadamu. Kikwazo kimoja ni asidi ya klorojeni, ambayo yenyewe ina thamani kama kizuia uchachu. Changanya unga wa mbegu za alizeti na magadi, uoke, na ndani ya mkate utaona rangi ya kijani kama majani yaliyopondwa. Haina madhara, lakini nani atainunua? Kikwazo kikubwa zaidi ni sumukuvu. Utafiti uliochapishwa 2017, uliopima mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo wa Tanzania, uliikuta sumu hiyo kwenye sampuli nyingi, baadhi kwa viwango vya juu. Mashudu yenye ukungu au yaliyolowa mvua usiyanunue hata yakiwa nusu bei, kwa sababu sumu hiyo hupita kwa ng'ombe na kuingia kwenye maziwa ambayo mtoto wako atakunywa.

Na ukiwa unapita barabara ya Singida, ambako chupa za alizeti hupangwa mezani kando ya lami zikimeta juani, usichukue zile za mbele. Jua hilo linaila vitamini E na kuyachachusha mafuta kabla hujafika nyumbani. Muombe muuzaji akumiminie kutoka kwenye dumu lililo kivulini, uyaonje kwenye ncha ya kidole: yawe na harufu ya mbegu, yasiwashe kooni. Mashapo kidogo chini si kasoro; ni utomvu uleule wa lesithini, ingawa hutoa povu wakati wa kukaanga, kwa hiyo yaache yatulie siku mbili tatu na umimine ya juu. Nyumbani yafunge vizuri, mbali na jiko, na ukishakaangia chipsi usiyarudishe sufuriani mara ya tatu.